Kiti cha Nyuma cha Bi Mdogo

Injini ya kindege ilikohoa mara mbili juu ya mgongo wa mlima, ikatoa harufu ya chuma kinachoungua, kisha ikanyamaza. Pangaboi, ambalo kwa kasi yake lilikuwa halionekani, likasimama, likaonekana lote.

"Kaza mkanda," Baba Pacha alisema bila kugeuka.

"Nimeshakaza," mkewe akajibu kutoka kiti cha nyuma.

"Kaza tena."

Chini kulikuwa na mawe na miti ya miiba. Hakukuwa na barabara wala paa la nyumba. Alichagua mkondo wa mto uliokauka, kipande cha mchanga kifupi kuliko uwanja wa mpira, akakielekeza kindege huko. Lakini kilishuka haraka kuliko alivyokizoea. Gurudumu la mbele likagonga jiwe hatua kumi kabla ya mchanga, pua ikachimba, na mkia ukabinuka juu.

Hapa lazima tueleze Mama Pacha alikuwa anatafuta nini kwenye kiti cha nyuma, maana kwa miaka mitatu alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga humo.

Mumewe ni fundi wa mafriji. Kindege hicho alikileta nyumbani kikiwa mabomba na waya ndani ya maboksi, akakiunga uani jioni baada ya jioni. Mama Pacha ni fundi cherehani, na kitambaa chekundu cha mabawa alikishona yeye, uzi maradufu, akidhani ni mchezo wa kiume utakaopita kama ulivyopita ule wa kufuga kanari. Haukupita. Jikoni paa linavuja, kindege kinanunuliwa turubai jipya. Pacha wanataka viatu vya shule, kindege kinataka plagi. Jumamosi na Jumapili zikawa za kindege. Akakiita Bi Mdogo, majirani wakacheka, na mumewe naye akacheka, na kicheko hicho cha mumewe ndicho kilichomuuma.

Bado aliweza kuvumilia. Mke mwenza wa mabomba na kitambaa hakujibu wala hakujipamba. Lakini miezi minne nyuma alikwenda uwanjani kushona mshono uliofumuka kwenye bawa, akauona mkanda wa kiti cha nyuma. Siku zote ulikuwa unaning'inia tu. Sasa ulikuwa umefupishwa, umepimwa kwa kiuno cha mtu mwembamba, na chuma cha kufungia kilikuwa kinang'aa kwa kutumika.

"Nani anakaa hapa?" aliuliza.

"Hakuna mtu," Baba Pacha alijibu upesi mno, akaangalia viatu vyake.

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mama Pacha aliushiriki miezi minne mizima na hakukonda hata kidogo. Alimwona huyo mwembamba kila mahali: kwenye foleni ya benki, kwa wateja wanaokuja kupunguziwa magauni, hata usingizini. Mwishowe akasema naye anataka kupandishwa.

Ajabu ni kwamba Baba Pacha alifurahi. Asubuhi ya safari alipima kila kitu kwenye mizani, kama walivyozoea watu wa vindege hivyo: viatu, mkate, koti. Chupa ya pili ya maji akairudisha kwenye kabati. Hakumpandisha mkewe kwenye mizani. Alimuuliza tu, "Bado ni kilo sitini na moja?"

"Sitini na moja," akajibu.

Hiyo ilikuwa namba ya kadi ya kliniki kabla pacha hawajazaliwa. Ukweli ulikuwa sabini na mbili. Angeitajaje mbele ya ule mkanda? Tena ndani ya koti alificha mkasi wake wa kazi, ule wa chuma kizito, kwa sababu akiuacha dukani wasichana wataukatia karatasi.

Kindege kiliondoka kizito. Baba Pacha alinung'unika kwamba leo Bi Mdogo ana uvivu. Lakini kilipanda, na Mama Pacha akaona. Aliona mto wote kwa mara moja, mashamba yamekaa kama vipande vya kitambaa mezani kwake, na kivuli chao kidogo kikiruka juu ya miti. Upepo ulimpiga usoni mpaka machozi yakamtoka. Akaelewa kwa nini mumewe hurudi nyumbani Jumapili akiwa kimya. Na hapo wivu wake ukageuka, ukawa mbaya zaidi. Kwa miaka mitatu mtu huyu alikuwa anakula peke yake, au na mwembamba wake, kitu kitamu namna hii.

"Nipitishe mlimani," akapiga kelele.

"Nimemwandikia mtunza uwanja kwamba tunafuata mto."

"Yeye ulimpitisha."

"Yeye nani?"

Baba Pacha alikuwa anatafuta amani tangu siku ya mkanda, kwa hiyo akageuza pua kuelekea mlimani. Ilikuwa saa sita, jua la utosi, hewa nyepesi. Injini ilivuta na kuvuta, mshale wa joto ukapanda hadi kwenye rangi nyekundu, na kilichofuata mnakijua.

Mama Pacha alijikata mkanda kwa mkasi. Alikuwa na jeraha kwenye paji la uso, lakini meno yake yote yalikuwapo. Mumewe alikuwa amebanwa na bomba lililopinda, na mguu wake wa kulia, chini ya goti, ulitazama upande usio wake. Akamchomoa, akalikata koti, akalikunja, akamfunga mguu kwa vipande viwili vya bomba. Mumewe alizimia, na hilo lilirahisisha kazi.

Alipozinduka aliuliza, "Maji?"

"Lita moja. Ile nyingine uliirudisha kabatini."

"Simu?"

"Imevunjika."

"Usiende popote. Wanatafuta ndege, hawatafuti mtu."

"Wanatafuta kule mtoni."

Ni kweli: njia ya mto ndiyo iliyoandikwa.

Siku ya kwanza walikunywa kwa kifuniko. Jioni chupa ilibaki nusu, na Mama Pacha akasema ukweli. Kilichomsukuma ni ule mguu uliokuwa unavimba, na pacha waliokuwa wanawasubiri kwa shangazi yao, na wazazi wote wawili wako huku.

"Mimi si sitini na moja. Ni sabini na mbili. Na nina mkasi."

Alidhani mumewe atamtukana, na alikuwa tayari.

"Ndiyo maana," Baba Pacha akasema. "Na mimi gunia nililipima sitini na moja."

"Gunia gani?"

"La mchanga. Mwalimu wa kuruka alikataa nibebe mtu mpaka nitimize saa ishirini angani nikiwa na uzito wa mtu kwenye kiti cha nyuma. Nikalijaza uzito wako, nikalifunga mkanda. Nimeruka nalo miezi minne."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nimekugeuza gunia."

Na angesema kweli, anajijua. Mama Pacha alikaa juu ya mawe akaona aibu ikimpanda kuanzia miguuni. Miezi minne alikuwa amelionea wivu gunia la mchanga. Alitaka kucheka, akalia, na baadaye akajilaumu kwa kupoteza maji.

Kulipopambazuka kulikuwa na ubaridi, na juu ya bawa kulikuwa na umande. Alilamba kwanza kwa kidole, kisha akavua kilemba chake akafuta bawa zima, akakamulia chupani. Mikamuo mitatu ikatoa kitu kama kikombe cha kahawa. Lakini bawa lilikuwa limeinama upande, maji mengi yalikuwa yameshatiririkia mchangani. Akachukua mkasi.

"Usimkate," Baba Pacha alisema. "Nakuomba. Mwinue hivyo hivyo alivyo, bawa lilale sawa."

"Nina mikono miwili tu. Nikimkata ninapata maji hapa, na kipande kingine nitakitandika mlimani waone."

Kwa miaka mitatu alikuwa ameota kukifanya hicho anachokifanya sasa. Aliingiza mkasi kwenye mshono wake mwenyewe, uzi maradufu, na kila uzi ulipokatika alijua ni wa jioni gani, na redio ilikuwa inasema nini, na huyu mwanamume alikuwa amekaa wapi akimshikia taa. Hakuonja ule utamu aliokuwa ameuota. Mumewe aligeuza uso asione.

Kitambaa kimoja alikitandaza kati ya mawe, katikati kikiwa na bonde la kukusanya umande. Kingine alikibeba mgongoni hadi juu ya mgongo wa mlima. Ulimi ulikuwa umekauka kama kipande cha kadibodi. Miiba ilimchana mikono. Huko juu akakitandika juu ya mwamba, chekundu, kipana kama chumba, akakiwekea mawe pembezoni. Aliteremka kwa makalio.

Siku ya pili hakuna aliyekuja. Mguu ukawa wa moto, na Baba Pacha akaanza kuweweseka, akizungumza na friji la mteja. Alfajiri ya siku ya tatu bonde la kitambaa lilikuwa na glasi nzima ya maji. Alimnywesha yote. Mwenyewe alinyonya kile kilemba.

Saa tatu asubuhi wakasikia mlio. Helikopta ndogo ilitokea upande wa mto, ikaupita mlima, ikarudi. Ikazunguka juu ya kile chekundu mara mbili, kisha ikashuka kwenye mchanga ule ule ambao kindege kilikosa kuufikia.

Mwokoaji alikuja akikimbia kwa kuinama, na machela, na kijana wa dawa nyuma yake. Walimlaza Baba Pacha na kumchoma sindano. Mama Pacha alisimama mbele ya Bi Mdogo, bawa moja limebaki mbavu tupu, akalishika bomba la bawa kwa kiganja.

"Nitakushonea lingine," akasema. Kisha akakikunja kile kitambaa chekundu cha umande, akakiweka kwapani.

"Mama," mwokoaji akamwita, kalamu mkononi. "Tuna nafasi finyu na mlima wa kuvuka. Mzee tumemkadiria. Wewe una kilo ngapi?"

Baba Pacha aliinua kichwa kutoka kwenye machela.

"Sabini na mbili," Mama Pacha akasema, kwa sauti ya kushinda pangaboi. "Jua huenda limepunguza mbili, lakini wewe andika sabini na mbili. Na kitambaa hiki. Na mkasi."

Mwokoaji akaandika vyote.