Sauti ya Mwanasiti

Kila asubuhi, kabla ya kushika njia ya shule, Dahabo alimsaidia mama yake kukamua ng'ombe pembezoni mwa mji wa Garsen. Asubuhi hiyo alikuwa amechutama, kibuyu mapajani, aliposikia tena ile sauti. "Guten Morgen," ilimwamkia kwa Kijerumani, karibu kabisa na sikio lake. Aligeuka kwa haraka, maziwa yakamwagika. Hapakuwa na mtu, ila ndama tu.

"Una nini wewe siku hizi?" mama yake alimuuliza. "Unashtukashtuka kama mwenye homa."

"Sina kitu, mama."

Sina kitu! Alikuwa nacho, tena kizito. Sauti ile ilikuwa ya Mwanasiti, na Mwanasiti alikuwa kaburini.

Wasichana hao wawili walikuwa wakikaa dawati moja. Mwanasiti, binti wa wakulima wa Idsowe, alikuwa mcheshi mwenye ulimi mwepesi. Bi. Laila, mhadhiri wa chuo kikuu, alipokuja na wanafunzi wake kusaidia kufundisha Kijerumani shuleni, Mwanasiti alikidaka upesi, wenzake wakabaki wakimtazama. Mwisho wa ziara, kila wawili walipewa simu wanase sauti zao wakieleza kwao kwa Kijerumani, kwa ajili ya mashindano. "Msitaje majina," Bi. Laila aliwaonya, "waamuzi wasije wakapendelea." Dahabo alieleza habari za ng'ombe kwa kubabaika. Mwanasiti alieleza shamba la mpunga, kisha akamalizia kwa ukelele wa mama yake wa kuwinga ndege wasile mpunga. Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Kisha yakaja mafuriko. Barabara ilikatika, Mwanasiti akashikwa na malaria, na hospitali haikufikika. Masikini, mtoto wa watu akaenda hivyo hivyo!

Shule ilipofunguliwa, alikuwapo mwalimu mpya, Bwana Godhana, ambaye hakumjua marehemu. Alimwita Dahabo ofisini akiwa na furaha tele.

"Sauti moja ya jozi yenu imeshinda. Ni ile yenye ukelele wa ndege. Mshindi ataenda kukaa wiki nzima chuo kikuu, Nairobi. Ni wewe?"

Dahabo hakuwa amepanga kusema uongo. Lakini alijiona tayari Nairobi, na maneno yakamponyoka. "Ndiyo, mwalimu. Ni mimi."

Tangu hapo hakuwa na raha. Akiteka maji, sauti ilikuwepo. Akisali, ilikuwepo. Hata darasani aliacha nafasi kwenye dawati, mtu asikae upande ule. Wenzake walimtania kwamba ameanza maringo ya Nairobi, naye alicheka nao. Sasa, siku hiyo ya maziwa kumwagika, Bi. Laila alikuwa amerudi kutoa tuzo, na Dahabo alijua kwamba angeshikwa mkono mbele ya shule nzima kwa kazi ya marehemu.

Lakini hakujua kwamba wangeicheza ile sauti. Ndipo akakiona kipaza sauti kikubwa mbele ya paredi.

"Kabla ya kumwita mshindi," alisema Bi. Laila, "tumsikilize."

Sauti ya Mwanasiti ikatoka, safi, ikajaa uwanja mzima. Wanafunzi wa gredi ya nane walitazamana. Mmoja alianza kulia. Kisha ukapigwa ule ukelele mrefu wa kuwinga ndege.

Langoni, sinia la vitumbua lilianguka kwa kishindo. Yallah! Mama yake Mwanasiti, ambaye huuza vitumbua hapo kila siku tangu mafuriko yazoe shamba, aliingia mbio, kanga imemvuka begani.

"Mwanasiti! Mwanangu yuko wapi? Mmemficha wapi?"

Alizunguka kipaza sauti, akatazama nyuma yake, akatazama nyuso za watoto moja moja. Dahabo hakuweza kuvumilia tena. Alitoka mstarini, akapiga magoti mbele yake.

"Ma, hayupo. Ni sauti yake tuliyoinasa kabla ya mafuriko. Mimi nilisema ni yangu. Nilisema uongo ili niende Nairobi. Nisamehe, ma!"

Bwana Godhana alifungua kinywa kukemea, lakini Bi. Laila alimgusa mkono.

Mama huyo aliketi chini, mchangani, akapumua kwa shida. Kisha akasema, "Anasema nini? Mimi sijui hiyo lugha. Ulikuwa naye. Niambie."

Sauti ikachezwa tena, polepole, na Dahabo akafasiri, sentensi kwa sentensi, akilia.

"Anasema, habari ya asubuhi. Kwetu ni kando ya mto. Anasema, mama yangu hulima mpunga. Anaamka mapema kuliko ndege. Anasema... anasema, nikiwa mkubwa nitakuwa mwalimu, na mama hatasimama tena juani."

Mama alijifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemzuia.

Alipotulia, Bi. Laila alisema tuzo ingetolewa kwa jina la Mwanasiti, na sauti yake ingehifadhiwa kwenye simu ya mama yake. Safari ya Nairobi ilifutika. Dahabo aliinamisha kichwa, akakubali.

Mama yake Mwanasiti alimshika kidevu, akamwinua uso.

"Sikiliza, binti. Aliyekufa hawezi kudai chake. Hawezi kusema, hii ni yangu, nirudishieni. Kwa hiyo kuchukua cha marehemu ni kubaya kuliko kuiba cha aliye hai. Umenichoma. Lakini umesema kweli ungali na nafasi ya kunyamaza, na kwa hilo nimekusamehe. Chochote utakachosifiwa, kiwe jasho lako mwenyewe."

"Ndiyo, ma."

"Haya, nisaidie kuokota vitumbua. Halafu kesho utakuja kwangu, unifundishe kumjibu mwanangu hiyo habari ya asubuhi."