Pampu Iliyogeuka Jiwe

Marehemu alikuwa gari. Lilikuwa katikati ya ua wa Mzee Urbanus, Katelembo, kiti cha nyuma kimeng'olewa na tangi la petroli liko wazi. Mbuzi watatu waliofungwa kwenye bampa walilitazama kama waombolezaji.

Inspekta Warigia alimwomba Mungu subira, kisha akavaa glavu.

"Eleza," alimwambia Ngui, mwana wa Mzee na mwenye gari.

"Afande, nimeibiwa pampu ya petroli. Mpya! Leo napeleka mbuzi wa ntheo, wa kufunga posa, huko Masii kwa kina mchumba wangu Mwelu. Nimeahirisha mara mbili. Babake amesema nisipofika leo, nimsahau binti yake."

Ngui alikuwa ameamua kujitengenezea. Alikagua fyuzi, nzima. Akawasha swichi na kutega sikio kwenye tangi: hakuna mvumo. Akaipa pampu umeme wa betri moja kwa moja: kimya. Basi akanunua nyingine, akachomoa waya wa betri ili cheche isimchome, akaing'oa ile mfu. Alipofungua boksi la mpya, alikuta jiwe.

"Unamshuku nani?"

"Kisilu, yule fundi. Nilikataa bei yake."

Kisilu aliletwa, ovaroli ikinuka grisi.

"Ulimwambia huyu gari lake lina nini?"

"Pampu imekufa, afande. Na injekta. Na kompyuta. Na tangi."

"Hilo ni gari moja au makaburi mazima? Ulipima presha?"

"Niliangalia."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa macho."

"Ulifungua boneti?"

Kisilu alitazama viatu vyake. "Hapana. Lakini alisema anaenda kuposa. Mtu wa kuposa huwa haulizi maswali."

"Na leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwa Padri, natengeneza jenereta. Alinisimamia mpaka nati ya mwisho. Haniamini."

Warigia alimpigia Padri simu. Ilikuwa kweli, pamoja na ile ya kutoaminika. Kisilu alikuwa mwongo, lakini mwizi wa leo alikuwa mwingine.

Wakati huo mbuzi mmoja alikata kamba, akaja mbio kulamba lile jiwe. Warigia alinyoosha mkono kumfukuza, akasita. Mbuzi halambi jiwe la barabarani. Alivua glavu, akaligusa jiwe kwa ncha ya ulimi. Maabara haikuhitajika.

"Chumvi ya mifugo," alisema. "Imevunjwa leo. Zizi la mbuzi hufunguliwa na nani?"

Mzee Urbanus alishika kifua, ambapo ufunguo ulining'inia pamoja na rozari.

"Na mimi peke yangu," alisema polepole.

Zizini walikuta nusu ya pili ya jiwe. Chini ya nyasi, ndani ya mfuko wa nailoni, walikuta pampu.

"Tata!" Ngui alimlilia babake. "Kwa nini?"

"Jibu, mzee," Warigia alisema. "Mungu anasikia, na mimi pia."

Urbanus alikaa juu ya ndoo. "Nilitaka tuahirishe tu. Wazee wa Masii kabla ya kupokea mbuzi watauliza: baba alishapeleka ntheo yake mwenyewe kwa kina mkewe? Bila hiyo, kwao hajaoa. Mwana hamtangulii baba."

"Na ulipeleka?"

Nzisa, mama Ngui, alitoka jikoni akiwa na mwiko. "Amepeleka! Wiki jana. Aliniambia watu wetu wameshukuru sana."

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilifika hadi langoni kwenu. Mbuzi wakanitazama machoni. Nikarudi nao."

Mwiko ulianguka.

"Mlalamishi," Warigia alimuuliza Ngui, "tumshtaki?"

"Afande, nataka kufunga pampu tu."

Akaifunga, kwa mpira mpya ili petroli isivuje. Kisilu aliamriwa kushika tochi na kunyamaza. Waya wa betri ukarudishwa, swichi ikawashwa, na chini ya kiti ukasikika mvumo mwembamba. Injini ikanguruma. Injekta, kompyuta na tangi vilifufuka vyote kwa pamoja.

Kisha Mzee Urbanus alitoa mbuzi watatu zizini kwa mkono wake, akimuaga kila mmoja kwa jina. Wangeshushwa kwanza kwa kina Nzisa, ambao boma lao liko njiani. Buti likajaa mbuzi sita.

Mzee alifungua mlango wa mbele. Nzisa alikuwa ameshakaa, amefunga mkanda.

"Rudi nyuma kwa mbuzi," alisema. "Mimi bado ni binti wa watu, na wewe sijui unanipeleka wapi."