Kufuli Jekundu la Mkaguzi

"Mzigo uko kwenye pikipiki ya bluu. Ulete kabla ya saa kumi."

Sauti ya Mkuu ikakatika redioni.

Msumari, mtu wa idara ya usalama, alivuta mafuta. Pikipiki yake, Yamaha, ikanguruma. Saa tisa na dakika tano alasiri, jua kali, barabara ya viwandani imejaa malori ya saruji. Mbele yake, juu ya pikipiki ya bluu, mama mmoja mwenye helmeti nyeupe alikuwa anapita kati ya malori kama mwenye ugomvi na barabara.

Mama akakata kushoto.

Msumari akakata kushoto.

Mama akapenya kwenye yadi ya kuoshea magari. Yadi ina ukuta pande tatu. Mlango ni mmoja.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

"Zima injini, mama. Mikono juu."

Mkono wa Msumari ulikuwa ndani ya koti, juu ya bastola yake, Glock. Mama alizima injini. Mikono hakuinua. Alivua helmeti, akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Una pikipiki ya serikali," alisema, "na umenifukuza kilomita kumi. Mimi nina miaka hamsini na mbili na goti bovu. Wakurudishe mafunzoni, mwanangu."

"Umeiba siri za taifa. Lete huo mkoba wa mgongoni."

"Siri gani? Kwa miezi minne nimeandika barua nne, na nakala nikaleta kwenye idara yenu. Zote zikagongwa muhuri. Siri hiyo?"

Msumari akafungua mkoba. Picha za eksirei, kama zile za hospitali, lakini hazikuwa za mifupa.

"Mimi ni mkaguzi wa bomba jipya la gesi," mama alisema. "Kila mahali mabomba mawili yanapochomelewa tunapiga picha, tuone kama ndani kuna ufa. Inua hiyo juani. Haya, na nyingine. Unaona nini?"

Msumari aliona doa dogo. Lilikaa kama mbu aliyevunjika mguu. Picha ya pili, mbu. Ya tatu, mbu. Mguu uleule.

"Viungo arobaini na viwili, mbu mmoja," mama alisema. "Wamepiga picha kiungo kimoja kizuri, chenye doa lisilo na madhara, wakawa wanabadilisha namba tu. Mabomba yenyewe yalikataliwa huko nje. Yameingizwa bandarini kwa magendo, karatasi zinasema ni mashine za hospitali. Kiungo cha kumi na saba kiko chini ya shule. Dada yangu anafundisha pale. Gesi inafunguliwa saa kumi."

"Ukawaambia wakubwa. Wakasemaje?"

"Imepokelewa."

Akavuta kamba shingoni. Ufunguo mdogo wa shaba ukaning'inia.

"Picha hawana haja nazo. Wanataka huu. Kazini kwetu ukiona hatari unatundika kufuli lako kwenye valvu, koki kubwa ya kufungulia gesi. Halifunguliwi na mtu mwingine, hata awe nani, mpaka mwenyewe aje kwa miguu yake. Langu liko pale tangu asubuhi."

Msumari akawasha redio.

"Mkuu, mzigo ninao. Lakini bomba ni bovu. Nimeona kwa macho—"

"Msumari. Wewe ni injinia?"

"Hapana, mkuu."

"Uliishia darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi lete ufunguo. Mshauri wa mradi anasubiri kwenye valvu."

Sasa ni ufunguo. Alipotumwa asubuhi, ziliitwa siri za taifa.

Msumari alisaga meno. Miaka kumi na minane anatumwa, na kila akifungua mdomo anaulizwa cheti. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Naleta," alisema.

Uso wa mama ukasawijika.

"Panda nyuma," Msumari akamwambia. "Si umesema mwenye kufuli aje mwenyewe?"

Saa tisa na dakika hamsini. Kituo cha valvu.

Mshauri wa mradi, mgeni kutoka nje, alivaa glavu nyeupe za ngozi kwenye joto lile. Wafanyakazi walimwita Glavu. Walinzi wake wawili walikuwa mbele ya valvu, mmoja ameshika mkasi wa kukatia vyuma. Fundi wa valvu, mzee mwembamba, alikuwa amelikumbatia kufuli jekundu.

"Kufuli la mwenzangu halikatwi," alisema. "Anzeni na mkono wangu."

Mwenye mkasi akageuka. Akakutana na kiwiko cha Msumari. Wa pili alipapasa kiunoni, akasikia Glock imegusa sikio lake.

Sekunde nne. Wote wawili chini.

"Ufunguo," Glavu alisema.

"Bomba ni zima, bwana?" Msumari akauliza.

"Zima kabisa. Lina cheti."

"Vizuri."

Pingu zikalia. Upande mmoja mkononi mwa Glavu, wa pili kwenye kishikio cha bomba, shibiri moja kutoka kiungo cha kwanza. Msumari akabonyeza kitufe cha redio, akakifunga kwa utepe. Mkuu asikie.

"Mama, toa kufuli lako. Fundi, shika usukani wa valvu. Presha yote."

Mama akamtazama. Msumari akakonyeza jicho.

Ufunguo ukaingia kwenye kufuli, taratibu.

Glavu alikitazama kiungo. Akaitazama pingu. Glavu nyeupe zikaloa jasho.

"Subirini." Akavuta mkono. Pingu haikusogea. "Halitahimili. Halijapimwa. Mabomba yote yalikataliwa, na picha ni moja. Subirini, nawaomba."

Mama hakuwa amezungusha ufunguo.

Maneno hayohayo alikwisha kuyaandika mara nne. Ilibidi mwongo ayaseme ndipo yasikike.

Msumari akabandua utepe. Redio ikakohoa.

"Nimesikia," Mkuu alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Gesi isifunguliwe. Natuma watu wamchukue. Kazi nzuri, Msumari. Niandikie ripoti."

Mama alicheka. Kicheko cha mtu aliyechoka miezi minne.

"Ripoti iko kwenye droo yako, mkuu," Msumari alisema. "Nakala nne. Zina muhuri."

Akazima redio. Akautoa ufunguo kwenye kufuli, akamwekea mama kiganjani, akaiendea Yamaha bila kugeuka.