Saa Tatu za Mzee Suleimani

Kila asubuhi kabla ya shule, Najat alipitia zahanati ya mtaani kwao Makorora, chupa yake ya maji ya ukwaju mkononi. Mama yake, Bi Asmahani, ndiye aliyekuwa akipiga deki pale. Najat humsaidia kumwaga maji machafu nje, kisha hushika njia ya shule.

Jumatano moja alikuta watu wamenuna. Chanjo za watoto zilikuwa zimeharibika, maana jana yake, siku isiyo ya chanjo, mlango wa friji haukufungwa vizuri. Akina mama na vichanga vyao walirudishwa nyumbani.

Sista Ritha, muuguzi mkuu, alishika karatasi. "Kidude cha kwenye friji kimeandika namba ya mara ya mwisho mlango kufunguliwa: 1747107600. Nimeiingiza kwenye kompyuta, imesema Jumanne, saa tisa na dakika arobaini usiku. Saa hizo alikuwepo nani?"

Macho yote yakamgeukia mlinzi wa usiku, Mzee Suleimani.

"Mie? Nikafungue friji la sindano natafuta nini, pweza?"

Hakuna aliyecheka.

"Lakini maji baridi unayapenda, babu," Bi Asmahani alisema taratibu.

"Ijumaa kamati itaamua kama utabaki," Sista akamaliza.

Najat alikuwa na shaka naye tangu zamani. Jioni ile na asubuhi ya Alhamisi alimchunguza: mfuko wake wa rambo, chupa yake, hata namna anavyotikisa kufuli mara mbili. "Huyu ana jambo," alijisemea. Ili apate ushahidi kamili, alinakili ile namba akampelekea Mwalimu Bryson, aliyefundisha kompyuta.

"Hizo ni sekunde," Mwalimu alimwambia. "Kompyuta huzihesabu tangu tarehe mosi Januari 1970. Siku moja ina sekunde 86,400. Haya, gawanya."

Najat akagawanya ubaoni. Zikatoka siku 20,221, zikabaki sekunde 13,200, yaani muda wa saa tatu na dakika arobaini tangu saa sita ya usiku.

"Si ndiyo hiyo saa tisa na dakika arobaini usiku, Mwalimu!"

"Pole pole. Hiyo ni saa ya Griniwichi, kule Uingereza. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ongeza."

Akaongeza. Saa kumi na mbili na dakika arobaini, asubuhi.

Najat akakumbuka. Jumanne, saa hiyo hiyo, mama yake alikuwa uani anasuuza tambara la deki. Najat aliingiza chupa ya ukwaju kwenye friji ipoe. Wakati wa kuondoka aliitoa, na kwa kuwa mkono wa pili ulishika ndoo, mlango aliusukuma kwa kisigino bila kutazama nyuma.

Mwalimu hakujua namba ile ilikuwa ya nini. Akinyamaza, nani atajua?

Ijumaa asubuhi alimkuta Mzee Suleimani getini, amelitoa koti lake msumarini, analikunja kulitia kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona leo hujanikagua mfuko?"

Kumbe mzee alikuwa akimwona siku zote! Najat aliinama. Kisha akaingia moja kwa moja kwa Sista Ritha, akasema yote, huku mama yake akisikia.

"Ewe mtoto!" Bi Asmahani aliweka ndoo chini. "Na mie nimemsingizia babu wa watu!"

Sista alirudia hesabu mwenyewe. Kisha akatoka mpaka getini.

"Niwie radhi, mzee. Niliiamini kompyuta, sikuiuliza inahesabu saa za wapi."

Akamgeukia Najat. "Chanjo mpya zikija, wewe na mama yako mtapita nyumba kwa nyumba kuwaita wale akina mama. Na ukumbuke: anayemchunguza mwenzake aanze na mkono wake. Shaka si ushahidi. Ila umesema kweli ilipokuuma, na hilo limemwokolea mtu kazi."

Mzee Suleimani alikunjua koti, akalitundika tena kwenye msumari wake.