Nilimwambia Mke Wangu Tukutuku ya Padri Imekufa

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne. Ni karani wa pamba kwenye kituo kimoja upande wa Lusangi, nimefiwa na mke, na nina binti mmoja. Watu wa hapa hunionea huruma. Wananisalimia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeumwa. Laiti wangejua!

Mke wangu aliitwa Yuliana. Tereza, binti yetu, alipozaliwa, ilibidi mama yake apasuliwe tumbo hospitalini Kasongo. Sista mkunga alituonya: mimba nyingine ikija, mama aje kukaa karibu na hospitali mwezi mzima kabla ya kujifungua. Asithubutu kuzalia kijijini. Nilimsikia vizuri kabisa, kwa masikio yangu haya mawili!

Miaka sita ikapita, mimba ikaja. Ndipo tukaamua kununua tukutuku, ndiyo pikipiki kwa ninyi wa mbali. Kwa miguu, Kasongo ni mwendo wa siku mbili. Kwa tukutuku unakunywa chai nyumbani, na mchana unakula Kasongo. Akiba ilikuwa yetu sote wawili, mshahara wangu pamoja na mpunga wa Yuliana, alioulima akiwa ameinama miaka yote hiyo. Kumbukeni hilo mnapoendelea kusoma.

Wakati huohuo padri mzee wa misheni, tuliyemwita Padri Ndevu, alikuwa anarudi kwao Ulaya, na alikuwa anauza tukutuku yake. Ilikuwa ya zamani, rangi imebambuka, na ilikuwa na kikohozi ambacho kila mtoto wa huku anakijua. Ukikisikia kilimani, unajua padri anakuja.

Na mimi nilikuwa na katalogi. Ee ndugu zangu, ile katalogi! Mfanyabiashara mmoja wa Kasongo alinipa, ndani mna tukutuku mpya, nyekundu, inang'aa... Nilikata ile picha nikaibandika ukutani. Alisema itakuja kwa meli, kisha kwa treni, na itafika kabla ya mvua.

Yuliana alikwenda misheni mwenyewe. Alikalia kile kiti cha nyuma cha tukutuku ya padri na tumbo lake, akacheka, akarudi nyumbani ameshaamua.

"Tuchukue hii ya Padri," aliniambia. "Iko hapa, iko natembea. Ile mupya iko wapi? Iko mu karatasi!"

Alisema kweli. Lakini jioni kwenye klabu yetu sisi makarani, wenzangu walinicheka mpaka machozi. Mmoja akaniuliza, "Karani, na kanzu ya Padri utanunua pia?" Nilicheka nao, lakini moyoni niliungua. Mimi, mtu wa kalamu na viatu, nipande mabaki ya mtu?

Yuliana hakuacha. Kila asubuhi ni tukutuku ya Padri, kila jioni ni tukutuku ya Padri. Nikachoka. Siku moja nilitoka kazini, nikapaka mikono yangu mafuta machafu, nikamwambia nimeifungua ile mashine mwenyewe na imekufa kabisa, Padri anaiuza kama chuma chakavu.

Uongo mtupu! Sikuigusa hata kwa kidole. Fundi cherehani wa Kasongo, Selemani, alikuwa ameinunua asubuhi ileile na kuondoka nayo.

Mnajua Yuliana alijibu nini? Aliniletea maji na sabuni ninawe. Akasema, "Aksanti baba Tereza. Ingetuua mu njia." Akanishukuru! Nami nikanawa mikono, nikala chakula chake.

Nikampelekea yule mfanyabiashara akiba yetu, tukaanza kusubiri. Mwezi ukaisha, tukutuku mpya haijafika. Siku za kwenda kukaa karibu na hospitali zikafika, nikasema tungoje kidogo. Dereva wa lori la pamba alikuja akaniambia hii ndiyo safari yake ya mwisho, mvua ikizidi daraja halitapitika, basi ampandishe mama mbele pamoja naye. Nikamwambia mke wangu hataingia Kasongo na vumbi la pamba kichwani, ataingia juu ya mashine mpya, watu wote wamwone. Dereva alinitazama, akatikisa kichwa, akaondoka.

Mvua ikanyesha. Daraja likaenda na maji. Na alfajiri moja, kabla ya siku zake, uchungu ukamshika Yuliana.

Tulimweka kwenye kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani. Wanaume wanane walipokezana, wanawake wawili wakafuata na maji. Mtoni tulivuka kwa mtumbwi. Mimi nilishika mkono wake njia nzima. Alikuwa akiniuliza, "Bado mbali?" nami nikisema, "Karibu, mama Tereza, karibu..." Tena uongo.

Jua lilikuwa utosini tuliposikia kikohozi kile kilimani.

Wabebaji walifurahi, wakapiga kelele, tukutuku, tukutuku! Alikuwa Selemani, na nguo za kwenda kuuza amezifunga nyuma. Alisimama mara moja, akashusha mizigo yake yote kwenye matope bila kuulizwa, akasema mama apande. Lakini Yuliana hakuweza tena kuketi. Damu ilikuwa imeanza. Wanawake walisema ukimpandisha pale, anakufa palepale.

Yuliana alifungua macho. Akaitazama ile mashine muda mrefu.

"Iko ya Padri," akasema.

Kisha akanigeukia. "Kumbe iko nzima."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana! Alinitazama tu, kama anamtafuta mtu aliyemjua, kisha akauvuta mkono wake kutoka kwenye mkono wangu. Sikumsikia akisema neno jingine.

Selemani aligeuza akaenda mbio Kasongo. Kabla jua halijatua alirudi na sista amempakia nyuma. Alifika kweli, na ile mashine chakavu! Alitukuta tumeketi kando ya njia, Yuliana amefunikwa kitenge, na mtoto hakuzaliwa.

Kwetu mke akifa, mume hukalishwa mbele ya wakwe aeleze. Nilikalishwa. Wajomba wa Yuliana walikuwa wakali, waliniuliza kwa nini sikununua tukutuku ya padri. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akasimama akilia.

"Mumwache mutu ule! Yuliana alinielezea. Huyu aliifungua ile mashine, akakuta imekufa. Alikuwa naogopa kuua mutoto wangu."

Wakanipa pole. Na mimi... nikainamisha kichwa, nikapokea pole zao.

Tukutuku mpya ilifika wiki tatu baadaye, kwenye sanduku la mbao. Naipanda kwenda kazini. Ningeiuza kwa nani?

Mama mkwe ndiye anayemlea Tereza, na mara nyingi nimemsikia akimwambia baba yako ni mutu ya kuangalia sana, yaani mwangalifu. Jumapili iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda nikamweleza yote, mafuta mikononi, Selemani, yote. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Yuliana alijua?"

Nikasema, "Alijua, mama. Njiani."

Alisimama, akamshika Tereza mkono, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Mpaka leo haujafunguliwa kwangu.

Wenzangu wenye wake, nunueni mpya, nunueni iliyotumika, hilo ni lenu. Lakini msimchagulie mtu njia yake ya uzima kwa sababu ya vicheko vya klabuni. Na kama umeshamdanganya mke wako kwa jambo kama hili, usimalize kusoma gazeti. Nenda kamwambie sasa hivi, angali anaweza kukugombeza.