Neno Lililotoka Kwenye Bangi

"Simama wima. Ukitikisika, pini itakuchoma."

Mchumba alijichekea kwenye kioo. Koti jeusi la harusi lilimkaa sawasawa. Fundi, ambaye Jumamosi angekuwa mke wake, alimzunguka nyuma kimya, futi shingoni, mkasi mkononi.

"Mbona leo mkali, mpenzi? Hata salamu yako ina baridi."

"Nakupima."

Jana mchumba aliiacha simu yake hapa, juu ya meza ya kukatia, ipate chaji. Ikalia. Fundi akatupa jicho, kisha akaifungua. Mchumba alikuwa amemwandikia mpambe wake wa harusi:

*Mid tu huyu, kaka. Lakini ana duka na cherehani tatu. Sura nitaizoea.*

Mpambe akajibu:

*Hahaha! Basi Jumamosi tutafumba macho.*

Fundi hakulia. Alimpigia mdogo wake aliyeko chuoni.

"Eti 'mid' ni nini?"

"Nani kakuita hivyo, dada?"

"Jibu nilichokuuliza."

"Kiingereza cha mtaani. Mtu wa kawaida tu, hana cha kumfanya mtu ageuze shingo. Lilianza kwa wavuta bangi. Bangi ya daraja la kati, si kali, si takataka. Baadaye vijana wakalihamishia kwenye nyimbo, filamu, mwisho sura za watu."

"Kwa hiyo mtu anaivuta kwa kuikosa ile nzuri."



Sasa fundi aliinamia bega la koti, akauliza taratibu:

"Mid ni nini?"

Bega likaruka. Pini ikazama.

"Aah! Neno gani hilo? Ni... mtu mpole. Mwenye kiasi."

"Kumbe sifa."

"Sifa kubwa, malkia wangu!"

"Mbona mpambe wako anataka kufumba macho?"

Tabasamu lilikauka kwenye kioo.

"Umeshika simu yangu?"

"Nimeshika."

"Utani wa wanaume tu, mama. Usiuweke moyoni."

Chuma cha mkasi kikamgusa nyuma ya shingo. Akakakamaa.

"We! Mkasi huo!"

"Tulia. Sura ndiyo ya kawaida, mkono si wa kawaida."

Kacha! Akashika ncha ya uzi mweupe, akavuta. Mkono wa kushoto wa koti ukaanguka sakafuni. Akavuta tena. Mgongo ukafunguka kutoka kola hadi pindo.

"Una wazimu? Unaharibu koti la harusi!"

"Jana nilifumua kila mshono wa mashine, nikalishikiza kwa uzi wa muda, ule wa kujaribishia nguo. Nikajiapia: akisema ukweli, jioni nalipiga mashine, Jumamosi tunaoana. Nikakuuliza. Ukasema sifa."

Mchumba akapiga magoti katikati ya vipande.

"Nisamehe. Nakupenda, wallahi."

"Sura umeshaizoea?"

Akaanza kuokota vipande vya koti.

Simu yake ikaanza kulia juu ya meza. Mpambe. Fundi aliiokota, akamtilia mkononi, kisha akaufungua mlango wa duka, akaushikilia.

"Pokea. Mwambie afumbue macho, Jumamosi hakuna harusi."