Kopo la Nane

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia ukumbi mrefu wa nyumba ya wazee, akakusanya vikombe vya chai, kisha akapita kitanda kwa kitanda kuwaamkia wenyewe. Jina hilo alipewa na wazee kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alisema akifagia, alisema akiosha vikombe, na wengine waliapa kwamba alisema hata akiwa usingizini.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake alifariki mwaka uliopita. Baba yake alikwenda mbali kutafuta kazi. Barua zake zikaanza kuchelewa, kisha zikakoma. Shangazi yake, mpishi wa nyumba ile, ndiye aliyemchukua, nao wawili wakawa wanalala katika chumba kidogo nyuma ya jiko.

Muuguzi mkuu, msimamizi wa nyumba, alikubali mtoto akae, lakini alitoa sharti. "Sitaki usumbufu," alisema. "Hapa kuna watu kumi na wanane ambao hata nzi hawawezi kumfukuza." Chiriku hakuyasahau maneno hayo. Kila alipoangusha kikombe au kumwaga maji, aliyasikia upya, akajiona amesimama barabarani na mfuko wake wa nguo, hajui aelekee wapi.

Wiki hiyo mvua ilinyesha usiku na mchana bila kupumua. Shule ilifungwa. Daraja lilichukuliwa na maji, na gari linaloleta mboga na nyama likashindwa kupita. Mashuka hayakukauka, kuta zilitoka jasho, na wazee walikohoa mchana kutwa. Stoo ilibaki na majani ya chai, mikate michache iliyokauka, na makopo ya maharage.

Makopo hayo yalifunguliwa kwa kifaa kimoja tu, na chenyewe kilikuwa kizee kama wenye nyumba. Kilikuwa na mpini wa mbao uliopauka, kisu kifupi cha chuma chenye ncha kama mdomo wa kunguru, na ndoano ndogo ya kushika ukingo wa kopo. Unatoboa, unainua mpini, unasogeza kidogo, unainua tena, mpaka umelizunguka kopo lote. Kazi ikiisha, kilioshwa, kikafutwa, kikarudishwa kwenye msumari wake kando ya jiko.

"Chuma hakipendi kulazimishwa," Shangazi alimwambia siku ya kwanza alipomfundisha. "Kopo lililovimba usilifungue, hilo ni la kutupwa. Kopo lililobonyea ukingoni, niite mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Umesikia, au umeitikia tu?"

"Nimesikia kweli!"

Siku ya sita ya mvua, Shangazi aliitwa kumsaidia muuguzi kumgeuza mgonjwa mmoja kitandani. Alimwachia Chiriku makopo tisa na sufuria kubwa. Ukumbini, Babu Saa alikuwa ameshapanga kete za dama. Mzee huyu alikuwa fundi saa tangu ujana wake, na mpaka sasa hakuvumilia mtu kuchelewa hata dakika moja.

"Chiriku!" aliita. "Kete zinaota uyoga huku!"

"Nakuja, Babu! Yamebaki mawili tu!"

Kopo la nane lilikuwa limebonyea ukingoni. Chiriku aliliona. Alikumbuka vizuri sana alivyoambiwa. Lakini Shangazi alikuwa mbali, Babu Saa alikuwa anangoja, na makopo saba yalikuwa yamefunguka bila taabu. Akakizungusha kisu mpaka kwenye bonyeo. Kikagoma. Akaushika mpini kwa mikono miwili, akaukandamiza kwa nguvu zake zote.

Tk!

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama punje ya mchele mkavu inapovunjika jinoni. Chiriku alikiinua kifaa. Ile ncha ya mdomo wa kunguru haikuwepo. Alitazama mezani, akatazama sakafuni, akainama akakodoa macho kwenye maharage kupitia pale kifuniko kilipofunguka. Hakuona kitu.

Mara akasikia ndara za Shangazi zikija. Hakufikiri. Alikikunja kifuniko, akalimimina kopo lote katika sufuria, akakoroga. Kifaa alikitundika kwenye msumari, upande uliovunjika ukiutazama ukuta. Kopo la tisa alilirudisha stoo.

"Umemaliza?" Shangazi aliuliza.

"Ndiyo."

"Hongera, mwanangu. Siku hizi hata nikiondoka sina wasiwasi na jiko."

Maneno hayo yalimwingia Chiriku kama mwiba. Alitaka kusema. Akaona mfuko wake wa nguo, akaona barabara na mvua, akanyamaza.

Mchana ulipofika, ilikuwa zamu yake kupeleka bakuli. Bakuli la kwanza lilikuwa siku zote la Bibi wa Dirishani. Ajuza huyo alikaa siku nzima kwenye kiti karibu na dirisha, ingawa macho yake yaliona mwanga tu. Hakuwa na jino hata moja. Alikula taratibu, akiponda chakula kwa ufizi na kumeza kilichobaki kizimakizima, ndiyo maana alitangulizwa.

"Shikamoo, Bibi," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Ni wewe? Mbona leo huimbi? Chiriku amenyeshewa?"

"Hapana, Bibi."

Bibi alichota kijiko, akameza. Akachota cha pili, akameza. Chiriku alisimama akitazama koo lile jembamba likipanda na kushuka. Alijiambia kwamba huenda ile ncha ilirukia sakafuni. Huenda ilitelezea chini ya meza. Kwani ni lazima iwe ndani ya chakula?

Bibi alichota kijiko cha tatu, lakini hakukipeleka kinywani mwake. Alikinyoosha mbele, akikitafuta kichwa cha mtoto kwa mkono wa pili.

"Fungua mdomo," alisema. "Najua mnatuhudumia sisi kwanza, ninyi mnakula makombo. Kula, mwanangu. Tumbo langu ni dogo, halitaliona pengo."

Kijiko kilikuja mpaka midomoni mwa Chiriku. Akarudi nyuma. Mdomo wake ulikataa kufunguka. Hapo ndipo alipoelewa anachokifanya: chakula anachoogopa kukigusa yeye, ndicho alichokuwa akimtazama Bibi akila.

"Msile!" alipiga kelele. Alipokonya bakuli mikononi mwa Bibi, akageukia ukumbi. "Msile! Babu, weka chini! Kuna chuma! Mimi ndiye niliyekivunja!"

Babu Saa, kwa kutovumilia kuchelewa, alikuwa amejichukulia bakuli lake jikoni na alikuwa amekwisha kuinua kijiko. Alikirudisha polepole. Shangazi alitoka mbio jikoni, mwiko mkononi.

"Chuma gani?"

Chiriku alieleza yote, kwikwi zikimkata. Shangazi alikwenda msumarini, akakigeuza kifaa, akaitazama ile ncha iliyokatika. Alisimama hivyo, ameupa mlango mgongo. Mtoto aliona afadhali angepigwa.

Maharage yalimwagwa kwenye sinia na kuchambuliwa punje kwa punje. Babu Saa alivaa jichoni kile kioo chake cha kukuzia alichokitumia zamani kutengenezea saa. Muuguzi aliondoa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia sinia. Walitafuta ndani ya makopo matupu, chini ya meza, na hata kwenye ufagio. Saa mbili nzima zilipita. Ile ncha haikuonekana.

"Labda haimo," Babu Saa alisema, akifuta jicho.

"Labda," Shangazi alijibu. "Lakini nikiyapakua kwa labda, ni nani kati yenu atakayekula bakuli la kwanza?"

Aliyarudisha maharage yote sufuriani. Kisha akaibeba sufuria, akatoka nayo mvuani, akaimwaga katika shimo la taka. Chakula cha watu kumi na wanane. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, na si mvua peke yake. Siku hiyo wazee walikula mkate mkavu uliolowekwa katika chai.

Lakini mkate haukuwa neno. Neno lilikuwa vile vijiko viwili.

Muuguzi alimpapasa Bibi tumbo, akamsikiliza, kisha akamvuta Shangazi pembeni. "Kama amemeza, tutajua ndani ya siku mbili tatu. Akiumwa tumbo au akitapika damu, anahitaji hospitali. Na daraja ndilo hilo halipo."

Chiriku alisikia. Alileta kigoda, akakaa karibu na kitanda cha Bibi. Hakuna aliyemtuma. Kila Bibi alipogeuka, aliinuka. Kila Bibi alipokohoa, yeye alishika pumzi.

"Bibi, tumbo linauma?"

"Linauma kwa njaa," Bibi alisema. "Acha kunitazama kama maiti. Mimi nimemeza maneno ya mawifi miaka arobaini, yote yana ncha, na sikufa. Sembuse kijichuma?"

Chiriku alitaka kucheka, akalia. Bibi aliutafuta mkono wake, akaushika. "Lia," alisema. "Lakini ujue, mimi sikukasirika kwa kuvunja. Vitu huvunjika. Hata mimi nimevunjika mahali pengi."

Kesho yake, Babu Saa aliketi kwenye ngazi ya jiko na tupa yake ndogo, akakichonga kisu cha kile kifaa. Chiriku alimshikia mpini usitikisike. Tupa ilikwaruza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kete za dama zikiwa zimeachwa ukumbini. Mwishowe alipuliza vumbi la chuma, akaijaribu ncha mpya kwa kidole gumba.

"Itafaa," alisema. "Ila imekuwa fupi kuliko ya kwanza. Ukitumia, utakumbuka."

Siku ya tatu tangu Bibi ale vile vijiko, mvua ilipungua ikawa manyunyu. Bibi aliamka kabla ya wengine, akaomba chai, akauliza kwa nini haina sukari. Muuguzi alimpima tena, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Yuko salama," alisema. Kile kipande cha chuma hakikuonekana kamwe, na hakuna ajuaye kiliishia wapi.

Chiriku alikwenda mwenyewe ofisini kwa muuguzi. Alikuwa amekwisha kukunja nguo zake mfukoni. "Ulisema hutaki usumbufu," alisema, akitazama vidole vya miguu yake.

Muuguzi aliutazama ule mfuko. "Ni kweli, umenisumbua sana. Siku tatu sijalala. Lakini nyumba hii ina watu wasioona na wasio na meno. Inahitaji mtu wa kuwaambia 'msile,' hata kama kosa ni lake. Kazitundike nguo zako. Siku nyingine usingoje mpaka kijiko cha pili."

Jioni ile Shangazi alimwita jikoni. Aliketi, akamvuta karibu.

"Ulipokivunja, chuma kilikuwa kwenye kopo moja," alisema. "Ungeniita pale pale, ningekuuliza kwa nini hukunisikia, tungelitupa kopo moja, na watu wangekula. Ukanyamaza, kopo moja likawa sufuria nzima. Ukanyamaza tena, sufuria ikawa koo la Bibi. Kosa ni hivyo, mwanangu. Linapozaliwa ni dogo, ukilificha linakula na kukua. Liseme likiwa bado kopo moja."

"Nimesikia, Shangazi."

Safari hii Shangazi hakumuuliza kama amesikia au ameitikia tu. Alimpa kifaa, akaenda kuwasha jiko.

Chiriku alitoboa kopo la kwanza. Ile ncha fupi ilikwenda taratibu, naye hakuiharakisha. Akafungua la pili, na la tatu. Aliponyanyua la nne, kidole chake kilipita ukingoni kikasimama. Bonyeo lilikuwa dogo mno. Mtu mwingine asingeliona. Ukumbini, kete za dama ziligongana: Babu Saa alikuwa anazipanga.

Chiriku aliliweka kopo mezani.

"Shangazi," aliita. "Njoo. Hili limebonyea."